Mvuke: Kwa Nini Maji Hukauka, na Kwa Nini Mara Nyingine Hayakauki

Mazungumzo haya ni juu ya jambo ambalo kila mtu huliona kila siku, na kwa kuwa huliona kila siku, aghalabu haulizi sababu yake. Maji yakiachwa wazi hupungua, kisha hutoweka. Mwanamke wa Mbweni huanika kanga yake kambani asubuhi, na kabla ya adhuhuri huianua ikiwa kavu. Maji yaliyokuwamo yamekwenda wapi? Hayakudondoka yote chini, wala hapana mtu aliyeyachota. Na tena, kuna sababu gani kanga ile ile, juu ya kamba ile ile, mwezi wa Februari ikauke upesi, na mwezi wa Aprili ishinde kutwa nzima na bado ikawa mbichi mkononi?

Wako watakaojibu mara moja, "Ni kwa sababu ya jua." Jibu hilo si la uongo, lakini ni nusu ya jibu. Na mkulima ashikaye nusu hiyo peke yake huweza kupoteza mavuno ya karafuu aliyoyangoja miezi mingi. Basi na tuitafute nusu ya pili.

MVUKE NI NINI?

Ukiyatazama maji katika bilauri utayaona yametulia kimya. Lakini utulivu huo ni wa machoni tu. Maji yamefanyika kwa chembe ndogo mno, ambazo wanakemia huziita molekuli, na chembe hizo hazina raha hata kidogo. Huenda huku na huku, hugongana na kusukumana, kama watu katika soko la Darajani mkesha wa Idi. Nyingine huenda polepole, nyingine huenda mbio. Kila chembe huvutwa na jirani zake, na kwa ajili hiyo nyingi hubaki ndani ya maji. Walakini chembe iliyo juu kabisa, karibu na uso wa maji, ikiwa ina mbio za kutosha, huweza kujing'oa na kurukia hewani. Chembe zilizokwisha kutoka hivyo ndizo tuziitazo mvuke.

Haba na haba hujaza kibaba, wasemavyo wazee; na haba na haba hukiondoa kilichomo kibabani vile vile. Maji hayangoji kuchemka ndipo yatoe mvuke. Yanautoa usiku na mchana, ya moto na ya baridi, katika kisima, katika bahari, katika jasho la paji la uso.

Hapa yafaa tuondoe kosa moja lililoenea. Mvuke wa maji hauonekani kwa macho. Lile wingu jeupe litokalo katika mdomo wa birika si mvuke, bali ni matone madogo sana ya maji, ambayo yalikuwa mvuke, yakapoa yalipokutana na hewa ya nje, yakarudi kuwa maji. Tazama vizuri birika linapochemka: baina ya mdomo wake na lile wingu kuna nafasi ndogo isiyo na kitu cha kuonekana. Hapo ndipo penye mvuke wa kweli. Usitie kidole, maana mvuke huo huunguza vibaya kuliko maji ya moto yenyewe. Hali kadhalika moshi wa udi katika chetezo si mvuke mtupu. Ndani yake mna vipande vidogo mno vya masizi na vya mafuta, navyo ndivyo tuvionavyo.

MVUKE HUONDOKA NA JOTO

Zile chembe zinazofaulu kutoka ni zile zenye mbio kuliko wenzi wao. Zikisha kwenda zake, zinazobaki ni zile za polepole. Na katika elimu ya vitu, chembe kwenda mbio na kitu kuwa na joto ni jambo moja. Kwa hiyo maji yanayotoa mvuke hupoa, isipokuwa yamepata joto jingine kutoka mahali pengine.

Hii ndiyo siri ya mtungi. Udongo wa mtungi una vitundu vidogo visivyoonekana, na maji hupenya polepole mpaka nje, ukauona mtungi kama unaotoka jasho. Jasho hilo hugeuka mvuke, na mvuke huondoka na joto la maji yaliyomo ndani. Chombo cha bati au cha plastiki hakina vitundu, hakitoki jasho, na maji yake hubaki na joto la nyumba. Mtu anayepaka mtungi rangi ili upendeze ameziba vitundu vyake, na amejinyima maji baridi.

Joto liondokalo na mvuke si kidogo. Kalori moja ni joto liwezalo kupandisha gramu moja ya maji kwa digrii moja ya sentigredi. Basi ili gramu moja ya maji itoke digrii 0 mpaka ifike digrii 100 ya kuchemka, yahitaji kalori 100. Lakini gramu hiyo ikageuke mvuke katika joto la kawaida la Unguja, yahitaji kalori 580 kwa kadiri, karibu mara sita. Ndiyo maana mtu aliyeoga akisimama penye upepo husikia baridi ijapokuwa jua ni kali, na ndiyo maana kutoka jasho ni rehema kwa mwili.

Miti nayo hutenda vivyo. Pale Mbweni, kusini mwa Mji Mkongwe, Sir John Kirk, aliyekuwa balozi wa Uingereza katika Unguja na aliyekuwa bingwa wa elimu ya mimea, alipanda bustani ya miti ya kila namna kabla ya kuondoka katika miaka ya 1880. Mtu akikaa chini ya miti mikubwa husikia ubaridi ambao hausikii chini ya paa la bati, ingawa vyote viwili vina kivuli. Sababu ni kwamba majani ya mti hutoa mvuke kutwa, na kila mvuke utokao huchukua joto.

MSUKUMO WA MVUKE

Sasa tujaribu jambo. Chukua chupa mbili za namna moja, kila moja itie maji mpaka nusu. Moja iache wazi, ya pili izibe kwa kizibo. Baada ya majuma machache, ile ya wazi maji yake yamepungua, na ile iliyozibwa hayakupungua hata kidogo. Je, katika chupa iliyozibwa chembe za maji ziliacha kuruka? La, hazikuacha. Zilikuwa zikiruka kama za chupa ya kwanza, lakini hazikuwa na mahali pa kwenda. Zilijaa katika nafasi ya juu, zikagonga kuta za chupa, zikagonga kizibo, na nyingine zikarudi kuangukia maji. Kadiri zilivyozidi kuwa nyingi ndivyo zilivyozidi zinazorudi, hata ikafika saa ambapo zinazotoka na zinazorudi ni sawasawa. Hapo twasema ya kuwa mvuke umeshiba.

Mvuke ulioshiba husukuma kuta za chupa kwa nguvu maalum. Nguvu hiyo tutaiita msukumo wa mvuke; baadhi ya vitabu vya skuli vya siku hizi huiita kanieneo ya mvuke. Nayo yaweza kupimwa. Mwaka 1643 Mtaliani Evangelista Torricelli alionyesha ya kuwa hewa yote ituzungukayo ina msukumo. Neli ya kioo iliyojazwa zebaki, ikapinduliwa ndani ya bakuli la zebaki, haimwagi zebaki yote. Hubaki imesimama kwa kimo cha milimita 760 kwa kadiri penye usawa wa bahari, maana hewa ya nje inaishikilia. Baadaye Mwingereza John Dalton, aliyekuwa mwalimu, alipima mvuke kwa njia hiyo, na mwaka 1801 akatangaza aliyoyaona. Tone la maji likipandishwa mpaka juu ya zebaki, ndani ya neli, hutoa mvuke, na mvuke huisukuma zebaki ishuke. Kadiri ishukavyo ndicho kipimo cha msukumo wa mvuke.

Vipimo vya msukumo wa mvuke wa maji ulioshiba ni hivi:

Kwa digrii 20, milimita 17.5.
Kwa digrii 25, milimita 23.8.
Kwa digrii 30, milimita 31.8.
Kwa digrii 40, milimita 55.3.
Kwa digrii 60, milimita 149.
Kwa digrii 80, milimita 355.
Kwa digrii 100, milimita 760.

Mwanafunzi na ayatazame sana mahesabu haya, maana yana mambo mawili ya kukumbukwa. La kwanza, msukumo hautegemei wingi wa maji. Tone moja au debe zima, madhali maji yapo na chombo kimefungwa, msukumo ni ule ule. Hutegemea joto tu. La pili, joto likiongezeka kidogo, msukumo huongezeka sana. Kutoka digrii 20 mpaka 40 joto limeongezeka kwa digrii 20 tu, lakini msukumo umezidi mara tatu.

MISUKUMO MIWILI INASHINDANA

Sasa tumefika penye kiini cha maneno yetu. Hewa ya nje nayo ina mvuke ndani yake, na mvuke huo una msukumo wake. Unguja ni kisiwa. Bahari iliyokizunguka hutoa mvuke bila kukoma, na upepo wa kaskazi na wa kusi yote huletwa kwetu juu ya maji. Basi nguo mbichi ikianikwa, kuna misukumo miwili. Mmoja ni wa maji ya nguo, yatakayo kutoka. Wa pili ni wa mvuke uliomo hewani, unaorudi nguoni. Nguo hukauka kwa tofauti ya misukumo hiyo miwili. Tofauti ikiwa kubwa, hukauka upesi. Ikiwa ndogo, hukawia. Ikiwa hapana tofauti, haikauki hata ungeiacha juma zima.

Na tupige hesabu kwa mfano. Tuseme siku ya Februari, wakati wa kaskazi, joto ni digrii 32, na mvuke wa hewani una msukumo wa milimita 23. Maji ya nguo kwa joto hilo yana msukumo wa milimita 36 kwa kadiri. Tofauti ni 13. Kisha tuseme siku ya Aprili, katika masika, joto ni digrii 27, na mvuke wa hewani una msukumo wa milimita 24. Maji ya nguo kwa joto hilo yana milimita 27 hivi. Tofauti ni 3 tu. Tazama: joto limepungua kwa digrii 5 tu, na mvuke wa hewani umeongezeka kwa milimita moja, lakini nguvu ya kukausha imepungua zaidi ya mara nne. Hiyo ndiyo nusu ya pili ya jibu tuliyokuwa tukiitafuta.

Upepo nao una kazi yake. Mvuke ukisha kutoka katika nguo hukaa karibu nayo kama blanketi, na hewa hiyo ya karibu hukaribia kushiba. Upepo huifagia na kuleta hewa nyingine yenye mvuke haba. Kadhalika upana wa uso: kanga iliyotandazwa hukauka, iliyokunjwa haikauki, maana chembe hutoka katika uso tu.

Ukitaka kujua tofauti ya misukumo bila ya kupima mvuke wenyewe, vipimajoto viwili vyatosha. Kimoja kiache kikavu. Cha pili kifunge kitambaa kilichorowa maji katika tumba lake la chini. Vyote viwili vitie kivulini penye upepo. Kile chenye kitambaa kitaonyesha joto dogo, kwa sababu mvuke unaondoka na joto lake. Vikitofautiana sana, hewa ni kavu na ni siku njema ya kuanika. Vikikaribiana, hewa imekaribia kushiba. Chombo cha namna hii kimetumika kwa miaka mingi katika vituo vya kupima hali ya hewa.

KARAFUU JUU YA JAMVI

Elimu hii si ya kitabuni tu. Katika Unguja na Pemba riziki ya nyumba nyingi imelala juu ya jamvi kwa siku chache kila mavuno. Karafuu mbichi kilo 3, zikisha kukauka, hutoa kilo 1 kwa kadiri. Maana yake kilo 2 za maji zimegeuka mvuke. Joto linalotumika kuyaondoa maji hayo lingetosha kuchemsha lita 16 za maji yaliyotoka mtungini. Mkulima hununui kuni za kazi hiyo. Jua humpa bure. Lakini jua halimfanyii kazi ya akili.

Kwa nini tuanike juani, si kivulini? Kwa sababu jua huipasha moto karafuu yenyewe kuliko hewa. Tuseme hewa ina digrii 30 na mvuke wa milimita 22. Karafuu iliyo kivulini, yenye digrii 30 hizo hizo, ina msukumo wa milimita 32, na tofauti ni 10. Karafuu iliyo juani ikifika digrii 40 ina msukumo wa milimita 55, na tofauti ni 33. Mvuke wa hewani ni ule ule, lakini kazi imekwenda mara tatu na zaidi. Na kwa nini tutandaze tabaka nyembamba na kugeuza mara kwa mara? Kwa sababu karafuu zilizo chini ya chungu huzungukwa na mvuke wa wenzi wao ulioshiba, zikawa kama maji ya ile chupa iliyozibwa.

Hatari kubwa ni usiku. Jua likisha kutua na mbingu ikiwa wazi, ardhi na vitu vilivyo juu yake hupoa upesi. Ile hewa yenye mvuke wa milimita 22 ikipoa mpaka digrii 23, imepita kiasi chake, maana kwa joto hilo mvuke hushiba kwa milimita 21. Ziada hurudi kuwa maji, nasi huuita umande. Karafuu iliyoachwa nje hunywa umande huo, na kazi ya mchana huharibika. Kwa hiyo busara ya wazee ya kuanua kabla ya magharibi ni sawa kabisa na hesabu za Dalton.

Lakini kuanua peke yake hakutoshi. Mtu akizianua karafuu zingali mbichi, akazishindilia magunia au akazirundika pembeni, amezifungia pamoja na mvuke wake. Mvuke hauna pa kutokea, karafuu hupata joto kwa kuvunda, na kuvu huingia. Karafuu ya namna hiyo hunyauka, hupauka, na mafuta yake hupungua. Wenyewe huiita mpeta, na haipati bei ya karafuu njema. Basi karafuu zilizochumwa zichambuliwe siku ile ile, zisilale katika magunia. Na zilizoanuliwa zitandazwe ndani, penye hewa. Mavuno makubwa mara nyingi hukutana na mvua za vuli, na siku za namna hiyo misukumo miwili hukaribiana sana. Hapo jua la saa mbili lenye upepo lina thamani kuliko kutwa nzima ya mawingu.

CHUMVI HUBAKI NYUMA

Mvuke una tabia nyingine njema: hauchukui kila kitu kilichomo majini. Maji ya bahari yana gramu 35 za chumvi za namna mbalimbali katika kila lita, kwa kadiri. Yakianikwa katika mashimo mapana ya pwani, kama yafanywavyo Pemba na Bagamoyo, maji huondoka na chumvi hubaki. Ndiyo sababu mvua haina ladha ya chumvi, ijapokuwa imetoka baharini. Lakini watengenezaji wa chumvi wajua ya kuwa maji ya mwisho huwa mazito kuondoka. Chumvi iliyoyeyuka hupunguza msukumo wa mvuke wa maji, na kadiri maji yanavyozidi kuwa na chumvi ndivyo tofauti ya misukumo inavyozidi kupungua.

KUCHEMKA

Sasa rudi utazame yale mahesabu. Kwa digrii 100 msukumo wa mvuke ni milimita 760, sawasawa na msukumo wa hewa penye usawa wa bahari. Hapo huingia jambo jipya. Mpaka sasa mvuke ulikuwa ukitoka juu ya uso tu; kama ungejaribu kufanya povu ndani ya maji, hewa ingelikandamiza povu hilo lisikue. Lakini mvuke ukisha kulingana na hewa kwa nguvu, povu huweza kukua hata chini kabisa ya sufuria, likapanda na kupasuka. Huko ndiko kuchemka.

Kwa hiyo digrii 100 si sheria ya maji peke yao, bali ni mapatano ya maji na hewa. Mbweni, pwani, maji huchemka kwa digrii 100. Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 kwa kadiri, hewa iliyo juu yake ni haba, na maji huchemka kwa digrii 94 au 95. Penye kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, hewa husukuma kwa nusu tu ya nguvu zake za pwani, na maji huchemka kwa digrii 80 na kidogo. Mpishi wa huko huona maji yanatokota kwa kelele, na maharage yake hayaivi, maana maharage huivishwa na joto, si kwa kelele za maji. Na aongeze kuni apendavyo. Maji yaliyo wazi yakisha kuchemka hayazidi joto, bali huzidi kupungua tu.

JINSI MVUKE UNAVYOTOA MAFUTA YA KARAFUU

Karibu na Chake Chake, Pemba, katika mahali paitwapo Wawi, kiko kiwanda kinachojulikana kwa jina la kiwanda cha makonyo. Makonyo ni vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikisha kuchambuliwa, na watu wasiojua wangeweza kuviona kuwa takataka. Ndani yake mna mafuta mazuri, na sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kitu kiitwacho eujenoli. Ukitaka kuichemsha eujenoli peke yake, yahitaji digrii 254, na joto kali namna hiyo huweza kuharibu mafuta na kuunguza vikonyo. Basi hutolewaje?

Hutolewa kwa mvuke wa maji, na sababu yake ni jambo jingine alilolionyesha Dalton: mivuke ya vitu mbalimbali ikiwa katika nafasi moja, misukumo yake hujumlishwa. Makonyo hutiwa katika chombo kikubwa, na mvuke wa maji hupitishwa ndani yake. Maji yana msukumo wake, na mafuta yana msukumo wake, mdogo sana, lakini upo. Vyote viwili kwa pamoja hufika milimita 760 kabla ya digrii 100 kutimia, mchanganyiko ukachemka, na mvuke wa mafuta hutoka umeandamana na mvuke wa maji. Kisha hupitishwa katika mabomba yaliyopozwa, ukarudi kuwa maji na mafuta. Viwili hivi havichanganyiki. Mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, nayo huzama chini yakakingwa. Ndivyo kitu kinachohitaji digrii 254 kilivyotolewa kwa chini ya 100. Kwa kunga hii hii ya mvuke na kupoza, watu wa Jabal al-Akhdar katika Omani hutoa marashi ya mawaridi yao.

MVUKE WA KUOGOPWA

Si maji tu yatoayo mvuke. Vitu vya majimaji hutofautiana sana kwa msukumo wao, na tofauti hii ni jambo la uhai na mauti. Mafuta ya taa, katika joto la kawaida la nyumba, hutoa mvuke mchache, usiotosha kushika moto juu ya uso wake. Ndiyo maana huwaka kwa utambi. Petroli hutoa mvuke mwingi hata katika baridi ya barafu. Mvuke huo hauonekani, ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne, na hutambaa chini sakafuni mpaka ukute taa au jiko katika chumba cha pili, kisha moto hurudi kwa njia ile ile mpaka penye chombo. Kwa hiyo petroli isitiwe kamwe katika taa au jiko la mafuta ya taa, wala isichanganywe nayo hata kidogo. Na debe la petroli linaloitwa tupu si tupu; limejaa mvuke, na mara nyingine lina hatari kuliko lililojaa.

KAZI YA WANAFUNZI

Wanafunzi na wajaribu jambo hili skulini au nyumbani. Tieni maji ya kipimo kimoja katika sahani nne. Ya kwanza iwekeni juani penye upepo. Ya pili juani, lakini kwenye kona isiyo na upepo. Ya tatu kivulini. Ya nne ifunikeni kwa bakuli. Kila baada ya saa moja pimeni maji yaliyobaki, mwandike. Fanyeni hivyo siku kavu, kisha mrudie siku ya mvua, mlinganishe. Mtaona kwa macho yenu kazi ya joto, kazi ya upepo, na kazi ya mvuke uliomo hewani. Na daftari lenu litakuwa shahidi bora kuliko maneno haya.

Basi, atakaye kukausha kitu chochote, iwe nguo, samaki, mpunga, mbata au karafuu, ajiulize maswali mawili kabla ya kuanika. La kwanza: kitu changu kina joto kiasi gani? La pili: hewa iliyokizunguka ina mvuke kiasi gani? Joto la kitu na aliongeze kwa jua. Mvuke wa hewa na auondoe kwa upepo na kwa nafasi. Na jioni, umande usijakuta kitu nje, aanue.